Kutoka Bariadi hadi bandari ya Mwanza: Msafiri wa peke yake na thamani ya jina katika orodha

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KILA alfajiri, mabasi yanayoondoka Bariadi kwenda Mwanza hubeba abiria wa aina nyingi. Yumo mkulima aliyeuza pamba na anayekwenda kununua mabati, yumo mgonjwa aliyeandikiwa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, yumo mama anayefuata dagaa wa jumla katika soko la Mwaloni, na yumo kijana asiye na shughuli maalumu ila hamu ya kuliona ziwa na jiji lake. Wengi wao husafiri peke yao, kwa kuwa nauli ya mtu wa pili ni gharama, na nyumbani lazima abaki mtu wa kuangalia mifugo na watoto.

Kusafiri hivyo si jambo la ajabu, wala si la kutisha. Mwanza ni jiji lililozoea wageni tangu siku za kuasisiwa kwake. Hata hivyo, anayesafiri peke yake ana upungufu mmoja ambao aliyefuatana na wenzake hana: likimfika jambo, hakuna aliye karibu wa kushuhudia kwamba alikuwapo. Katika mji wa bandari, ambako safari ya nchi kavu huweza kugeuka safari ya majini kwa uamuzi wa dakika chache, upungufu huo una uzito wa pekee. Historia ya Ziwa Victoria ni shahidi kwamba wako watu waliopanda chombo, wakazama nacho, na majina yao hayakuwa yameandikwa popote.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa Simiyu anayefunga safari ya kwenda Mwanza anahitaji kulifahamu jiji lenyewe, kuelewa jinsi bandari yake inavyofanya kazi, na kujua ni kwa nini karatasi yenye jina lake inaweza kuwa na thamani kuliko mzigo alioubeba.

Njia ya kuelekea ziwani

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Itilima ikazaliwa kutokana na Bariadi, na Busega ikatoka katika eneo la Magu, mkoani Mwanza. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, mtu wa Bariadi aliyekuwa na shauri la kiserikali alielekea Shinyanga, lakini aliyekuwa na shauri la biashara au la matibabu makubwa alielekea Mwanza. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini mwelekeo wa biashara haukubadilika.

Kutoka Bariadi, barabara ya lami ya zaidi ya kilomita 70 humfikisha msafiri Lamadi, wilayani Busega, inapokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Hapo ndipo njia hugawanyika. Anayekata kulia huelekea Bunda na Musoma, na anayekata kushoto huelekea Nyashimo, Magu na hatimaye Mwanza. Upande mmoja wa makutano hayo kuna Hifadhi ya Serengeti na lango lake la Ndabaka. Upande wa pili kuna maji ya Ghuba ya Speke. Ni sehemu chache nchini ambapo mtu huweza kuwa karibu na nyumbu na sangara kwa wakati mmoja.

Njiani, msafiri huvuka Mto Simiyu, ambao ndio uliotoa jina la mkoa. Mto huo hukusanya maji yake katika nyanda za mashariki, hupita katika ardhi ya wakulima wa pamba na mahindi, kisha humwaga maji ziwani.

Mbele zaidi, mahali paitwapo Kisesa, ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 kwa juhudi za Padri David Clement. Kwa Mnyantuzu wa Bariadi, Bujora si mahali pa watalii wa kigeni pekee. Zimo ngoma, viti vya watemi na zana ambazo babu zake walizitumia. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, sherehe za Bulabo hukutanisha Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana kuvuta watazamaji. Msimu huo huangukia wakati wa mavuno na mauzo ya pamba, wakati ambapo wengi wana fedha za nauli.

Jiji la miamba na biashara

Kituo cha utawala cha Mwanza kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 katika ufuko wa kusini wa ziwa. Inaaminika kwamba jina lake limetokana na neno "nyanza", yaani ziwa, ambalo wageni hao walishindwa kulitamka ipasavyo. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na tangu hapo Mwanza ikawa mahali ambapo treni na meli hukutana. Mwaka 2000 mji huo ulipandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 3,699,872 na Simiyu watu 2,140,497.

Pamba ya Usukumani ilikuwa mhimili wa ukuaji huo. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana na kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Paul Bomani akawa miongoni mwa viongozi wake mashuhuri. Makao makuu yalikuwa Mwanza, lakini marobota yalitoka mashambani, yakiwamo mashamba ya maeneo ambayo leo ni Simiyu. Kituo cha reli cha Malampaka, wilayani Maswa, kilikuwa mlango mmojawapo wa mazao hayo. Kwa maana hiyo, mtu wa Simiyu anayeingia Mwanza huingia katika jiji ambalo jasho la wazee wake lilichangia kulijenga.

Anayeingia kwa mara ya kwanza hushangazwa na mawe. Miamba mikubwa imerundikana vilimani, na nyumba zimejengwa juu yake na katikati yake. Mwamba wa Bismarck, uliopewa jina la Kansela wa Ujerumani, umesimama majini karibu na gati la vivuko vya Kamanga na umekuwa alama ya jiji. Kutoka hapo huonekana Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kutangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kisiwa hicho kina jina la mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo kabla ya kukabidhi eneo kwa Serikali.

Uchangamfu wenyewe uko sokoni. Mwaloni, eneo la Kirumba, ni soko linalopokea dagaa, samaki wakavu na ndizi kutoka visiwani na ng'ambo ya ziwa. Wanunuzi hufika kutoka mikoa mbalimbali na nchi jirani, zikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Burundi. Makuli hupita na magunia mabegani wakiomba njia kwa sauti, wachuuzi hupaza bei, na lugha huchanganyika: Kisukuma, Kikerewe, Kihaya, Kijita, Kijaluo na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Mgeni kutoka Bariadi akitoa salamu ya "mwangaluka" asubuhi, hakosi wa kumwitikia. Chakula nacho hakimpigi chenga: ugali kwa sato, dagaa wa kukaanga, na kwa anayetaka ladha ya nyumbani, michembe.

Bandari mbili, kazi mbili

Msafiri asiye mwenyeji huchanganywa na neno "bandari", kwa sababu Mwanza ina zaidi ya moja. Bandari ya Kaskazini, iliyo karibu na katikati ya jiji, ndiyo inayotumiwa zaidi na abiria wa meli za Bukoba na Ukerewe. Bandari ya Kusini ni ya mizigo. Huko ndiko reli inakoingia hadi majini na mabehewa hupakiwa katika meli maalumu kama MV Umoja, inayounganisha Mwanza na bandari za Port Bell nchini Uganda na Kisumu nchini Kenya. Mbali na bandari hizo, kuna gati la vivuko vya kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, na mialo mingi ambako mitumbwi na boti za watu binafsi huchukua abiria.

Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufanyiwa ukarabati mkubwa, ilirejea katika safari za Bukoba mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Februari 2023. Kwa upande mwingine, safari moja ya majini imepoteza ulazima wake: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Awali magari yalisubiri kivuko kwa muda mrefu, lakini sasa huvuka kwa dakika chache.

Hata hivyo, daraja haliwezi kufika kila mahali. Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vidogo bado vinafikiwa kwa maji. Hata anayekwenda Ukerewe kwa barabara kupitia Bunda humlazimu kupanda kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi. Msafiri aliyepanga kuishia Mwanza huweza kusikia meli ya Nansio inakaribia kuondoka, akavutiwa, akapanda. Nyumbani Bariadi wanaamini yuko mjini, kumbe yuko katikati ya ziwa.

Somo la MV Bukoba

Kabla ya kufika katikati ya jiji, basi linalotoka Bariadi hupita Igoma. Wengi hawajui kwamba hapo yapo makaburi ya pamoja ya watu waliokufa katika ajali ya MV Bukoba. Ni jambo la kufikirisha kwamba msafiri wa Simiyu hukutana na makaburi hayo kwanza, ndipo aione bandari.

Meli hiyo ilipinduka asubuhi ya Mei 21, 1996 ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imekaribia Mwanza. Ilibaki ikielea kwa muda huku tumbo lake likiwa juu, kisha ikazama. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni watu 894, lakini zimetolewa takwimu nyingine pia, na tofauti hizo zina sababu. Orodha ya abiria iliyokuwapo ilihusu madaraja ya juu. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na orodha.

Maana yake ni kwamba aliyelipa nauli ndogo hakuandikwa. Aliyesafiri na familia au jamaa alikuwa na watu wa kuuliza habari zake, lakini aliyesafiri peke yake katika daraja la tatu, bila kumwaga mtu yeyote, alitoweka bila maswali hadi pale ndugu walipoanza kujiuliza mbona harudi. Miili ambayo haikutambuliwa ilizikwa Igoma. Rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, alitangaza siku 3 za maombolezo.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220, yaani zaidi ya maradufu ya idadi iliyoruhusiwa. Hapo pia, idadi ya waliokuwamo haikufahamika mara moja. Ilijengwa taratibu kwa kuhesabu waliookolewa na miili iliyoopolewa. Baadhi ya waliokufa walizikwa pamoja Bwisya, kisiwani humo.

Kwa nini chombo kilichojaa hupinduka

Watu wengi hudhani kwamba chombo huzama kwa sababu ya uzito peke yake. Ukweli ni kwamba mahali uzito ulipo una umuhimu sawa na kiasi chake. Meli husimama wima kwa sababu uzito wake mkubwa uko chini, karibu na maji. Abiria wanapojazana katika sitaha za juu na mizigo ikarundikwa huko, kitovu cha uzito hupanda. Chombo huanza kulala upande kwa urahisi na huchelewa kujiinua.

Hatari huongezeka watu wanapohama kwa pamoja, kwa mfano kila mmoja akikimbilia upande wa gati ili awahi kushuka, au upande mmoja ili kukwepa mvua. Mzigo usiofungwa nao huteleza kufuata mteremko. Katika hali hiyo wimbi la kawaida, au kona iliyokatwa kwa kasi, hutosha kumaliza kazi. Ndiyo maana ajali kubwa haihitaji dhoruba, na ndiyo maana utulivu wa maji si kibali cha kupanda chombo kilichofurika.

Dhoruba nazo zipo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania. Ukubwa huo hulifanya liwe na hali ya hewa yake lenyewe. Mvua za radi hujengeka juu ya maji hasa nyakati za usiku na alfajiri, na pepo hubadilika katika mchana mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa eneo la ziwa, na ni vyema msafiri akauliza habari zake kabla ya kukata tiketi, hasa anapokusudia kutumia boti ndogo.

Yanayompasa msafiri wa peke yake

Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi mwaka 2018. Ukaguzi, idadi ya abiria na orodha yao ni mambo ya kisheria. Lakini sheria hufanya kazi vizuri zaidi pale abiria mwenyewe anapojua la kudai.

La kwanza ni jina. Tiketi ikatwe dirishani, kwa jina kamili lililo katika kitambulisho, pamoja na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani pale nafasi hiyo inapokuwapo. Tiketi ya mkononi iliyonunuliwa kwa mpiga debe, au yenye jina la mtu mwingine, huenda ikamfikisha mtu safari yake salama mara nyingi. Siku ya tatizo, itamwandika mtu ambaye hakuwamo na kumwacha aliyekuwamo.

La pili ni taarifa. Kabla ya kupanda chombo, ujumbe mfupi wa simu wenye jina la chombo, saa ya kuondoka na mahali kinapokwenda utumwe nyumbani. Ujumbe mwingine utumwe baada ya kushuka. Gharama yake ni ndogo kuliko kikombe cha chai.

La tatu ni macho. Abiria aangalie idadi ya watu na mahali mizigo ilipowekwa, aulize yaliko majaketi okozi, na ajue mlango wa karibu wa kutokea. Akiona chombo kimefurika, ashuke. Nauli iliyopotea inauma kwa siku chache tu, na meli nyingine itakuja.

La nne linahusu nchi kavu. Mabasi ya njia ya Simiyu na Mara hutumia stendi ya Nyamhongolo, katika Manispaa ya Ilemela, ambayo iko mbali na katikati ya jiji. Ni busara kufika mchana na kuwa na namba ya mwenyeji. Asiyekuwa na mwenyeji achague nyumba ya wageni inayoandikisha wageni katika daftari, kwa sababu daftari hilo nalo ni orodha. Wapo wanaoandika jina la uongo kwa kuona haya au kwa mzaha. Kwa mtu aliye peke yake, hasa mgonjwa anayehudhuria kliniki Bugando au mwanamke aliyebeba fedha za biashara, mzaha huo unaweza kuwaponza ndugu watakaomtafuta. Fedha nyingi zihifadhiwe katika simu au benki badala ya mfukoni, na mzigo usiachwe kwa mtu aliyefahamika muda huo huo, hata akiwa anazungumza Kisukuma safi.

Kwa wanaobaki Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wajibu wao ni kuuliza. Kila Mei 21 ajali ya MV Bukoba hukumbukwa Igoma, na tarehe hiyo huja wakati msimu wa pamba unapoanza na mabasi ya Mwanza yanapojaa. Ni wakati mwafaka kwa kila familia kukubaliana jambo moja dogo: anayeondoka aseme anakwenda wapi, kwa chombo gani na atarudi lini, na anayebaki aandike.